Damu ya Kuguswa: Niliyowaambia Kina Mama wa Kibuye

Haya ni maneno niliyosema mimi, muuguzi, kuhusu damu inayotoka mlango wa kizazi, yaani shingo ya mfuko wa mimba, unapoguswa. Niliyasema Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa, hatua chache kutoka soko la Kibuye hapa Kisumu. Wengi hawakuweza kufunga vibanda wakaja, wengine walizuiwa na mvua, nao wakaomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Mama zangu, dada zangu, mashosho mliopewa viti vya mbele, na nyinyi baba watano mlioketi karibu na mlango: hamjambo? Asanteni kwa kuja. Baba, asanteni zaidi, kwa maana jambo la leo lina mkono wenu ndani yake na nitafika huko.

Kabla sijataja ugonjwa wowote, kila mmoja ashike ncha ya pua yake. Shikeni, hata nyinyi baba. Bonyezeni kidogo. Si laini sana, si ngumu sana, sivyo? Basi mlango wa kizazi, ukiguswa na kidole cha mkunga, uko hivyo. Sasa guseni mdomo. Mmeona tofauti? Mwanamke akishika mimba, mlango wake hulainika ukawa kama mdomo.

Nimeanza na pua kwa sababu mwanamke anaweza kuzaa watoto sita asijue kiungo hicho kikoje. Ni kidogo, urefu wake ni kama sentimita 3 au 4, na ncha yake imechungulia ndani ya uke. Kina tabia moja ambayo naomba mwende nayo nyumbani hata mkisahau mengine yote: sehemu yake ya nje haisikii uchungu kama ngozi ya mkono. Jino likioza litakuamsha usiku. Mlango wa kizazi hauamshi mtu. Unaweza kuwa na jeraha pale miaka na miaka, unapika, unauza nyanya, unabeba maji, na husikii kitu. Lugha yake ni uchafu na damu. Damu baada ya kulala na mume. Damu katikati ya mwezi, siku zako bado. Damu muuguzi anapopitisha pamba tu. Hiyo ndiyo ninayoiita damu ya kuguswa.

Ukiiona damu hiyo, unamwambia nani? Nauliza. Rafiki, nasikia. Hakuna, nasikia wengi. Mama pale nyuma amesema anamwambia Mungu. Mwambie Mungu, mama. Halafu njoo uniambie na mimi, maana mimi ndiye mwenye taa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami katika miaka 23 ya uuguzi nimeona wengi waliouficha, na nitawasimulia wachache. Majina sitataja.

Msichana mmoja, mwaka wa kwanza wa ndoa, alikuja kwangu amefunga leso mbili, moja juu ya nyingine, kwa hofu ya kuchafuka. Kila alipokutana na mume alitoka matone ya damu. Mume akasema, "Wewe una mwanamume mwingine." Mama mkwe akasema ni chira, kuna mwiko umevunjwa katika boma. Jirani akampa yadh nyaluo, dawa ya kienyeji ya Kijaluo, ya kuoshea ndani, ikamchoma siku tatu na damu ikaongezeka. Watu watatu, hukumu tatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameangalia.

Nilimlaza, nikawasha taa, nikaweka spekulamu, kile kifaa chenye midomo miwili kama ya bata. Kuzunguka tundu la mlango kulikuwa na duara jekundu, linang'aa kama limepakwa mafuta. Nilipogusa kwa pamba, tone likatoka, dogo kama kichwa cha kiberiti. Nilikuwa nimemgusa kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala.

Ni nini hicho? Haya, pindueni mdomo wa chini nje kwa kidole, mwangaliane. Ndani ni pekundu, pamelowa, pana ngozi nyembamba. Je, ni kidonda? Si kidonda. Ni ngozi ya ndani iliyotazama nje. Ndivyo alivyokuwa yule msichana. Ngozi ya nje ya mlango wa kizazi imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa dukani. Ngozi ya mfereji wa ndani ni tabaka moja tu la seli, na vishipa vya damu viko papo hapo chini yake. Kwa wasichana, kwa wajawazito, na kwa baadhi ya wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi, homoni huifanya ile ya ndani ichungulie nje. Ikiguswa, inavuja. Si saratani. Si uzinzi. Si chira. Wengi haiwasumbui kabisa na haitaki dawa yoyote. Ikimsumbua mtu sana, njia yake ya kupanga uzazi inaweza kubadilishwa, au pale panaunguzwa kwa joto au kwa baridi kali, lakini ni baada ya vipimo kuonyesha kwamba hakuna jingine lililojificha.

Hilo la vipimo nalisisitiza. Sikumrudisha nyumbani kwa kuona wekundu tu, maana macho hudanganywa. Nilimpima maambukizi, nikampima virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi, majibu yakarudi safi. Ndipo nikamwita mume. Nilipindua mdomo wangu mbele yake kama nilivyowaonyesha nyinyi, nikamweleza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamgeukia mkewe akasema, "Nisamehe." Nimeitunza siku hiyo.

Sasa baba, sogezeni viti. Kuna damu ya kuguswa inayoletwa na maambukizi, na hapo ndipo mkono wenu ulipo.

Klamidia, kisonono, trikomonasi. Haya magonjwa matatu ya zinaa hupenda mlango wa kizazi. Mlango huvimba, hulegea, huwa mwekundu, unaweza kutoa usaha wa njano, na ukigusa unatoka damu. Trikomonasi inaweza kuacha vidoa vidogo vyekundu, ingawa kwa macho tu tunaviona kwa wachache mno, kama mwanamke 2 katika 100 walio nayo. Na wengi wenye klamidia hawana dalili hata moja, wanawake kwa wanaume. Narudia: wanawake kwa wanaume. Kwa hiyo mume anayesema "mimi siumwi" anaweza kuwa anasema kweli, na bado akawa nayo.

Mama mmoja wa mtaa wa Manyatta alitibiwa klamidia mara tatu katika mwaka mmoja. Dawa ilikuwa sahihi, alimeza siku zote 7 bila kuruka. Mara ya tatu nilimuuliza, "Na mzee?" Akainamisha kichwa. Mzee alikuwa amekataa kuja kliniki, akasema huo ni ugonjwa wa mkewe. Mama anapona, anarudi kitandani, anaambukizwa tena. Tulimpata mzee kupitia kaka yake, akaja usiku kazi ikiwa imepungua, akatibiwa. Hakukuwa na mara ya nne. Ukitibiwa peke yako umefagia nusu ya nyumba. Wote wawili mnatibiwa, na mnakaa siku 7 bila kukutana hadi dawa ifanye kazi. Mkiacha, maambukizi hupanda hadi kwenye mirija, na huko ndiko uzazi unakofungwa, au mimba inatunga nje ya mfuko.

Wala msinunue vidonge viwili kwenye kemisti kwa sababu rafiki yako alimeza hivyo akapona. Kisonono kina sindano yake, klamidia ina vidonge vyake, mjamzito ana dawa zake tofauti.

Na sasa nisemee sabuni. Naomba mnisikilize kama dada yenu. Kuosha ndani kwa sabuni, kwa chumvi, kwa maji ya limau, kwa dawa ya kuua vijidudu ile ya kusafishia sakafu, kwa mitishamba, kwa tumbaku: acheni. Kuna mama alinieleza kwamba huingiza kidole chenye kitambaa na sabuni ya unga kila jioni baada ya soko, kwa miaka, kwa sababu alifundishwa kwamba mwanamke safi hana harufu hata kidogo. Nilipoangalia, kuta za uke zilikuwa zimechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka. Uke una bakteria wema wanaoulinda, ukiwaua, wabaya wanaingia. Osha nje, kwa maji. Ndani panajiosha penyewe. Na kama kuna harufu isiyo ya kawaida, harufu hiyo inataka kuangaliwa.

Mengine nitayapitia haraka. Kinyama kidogo kinaweza kuota kwenye mfereji na kuning'inia kama tone. Mara nyingi si saratani, kinatolewa kwa dakika chache na kupelekwa kupimwa. Mjamzito akiona damu asisubiri kesho na asikubali mtu yeyote kumwingiza vidole nyumbani, kwa maana kondo linaweza kuwa limekaa chini likafumuka. Aende hospitali siku hiyohiyo. Waliokulia sehemu zenye kichocho cha mkojo, kule Pwani na hata baadhi ya sehemu za uwanda wa Kano, mwambieni muuguzi: mayai ya minyoo hiyo hukwama hata kwenye mlango wa kizazi, yakaleta mabaka na damu ya kuguswa, na daktari asiyeuliza anaweza kufikiri ni ugonjwa wa zinaa. Na mtu yeyote ambaye damu inalowesha kitambaa kizima kwa saa moja, asingoje kliniki ya Jumatatu.

Mashosho, nyinyi siwezi kuwapitia haraka. Hedhi ikikoma, mwili hupunguza homoni, na ngozi ya huko hukonda ikawa kavu kama karatasi. Inaweza kutoka damu kwa kuguswa kidogo tu, na kuna krimu inayosaidia. Lakini sikilizeni sharti lake. Ukishamaliza miezi 12 bila hedhi, damu yoyote, hata tone moja kwenye nguo, si hedhi iliyorudi. Hakuna ujana unaorudi hivyo. Shosho mmoja alinificha damu ya miezi minane kwa sababu aliona aibu kwamba nitajua bado analala na mzee wake. Jamani! Mzee wake alikuwa amekaa nje kwenye benchi na kofia mkononi, akimsubiri. Kulala na mume uliyeishi naye miaka 40 ni aibu ya nani?

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa katika zahanati ndogo, sitaitaja. Akaja mama muuza omena. Alikuwa ametoka moja kwa moja sokoni, magamba madogo ya omena yalikuwa yamemng'ang'ania kwenye kiwiko, yanameta. Alikaa ukingoni mwa kiti. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba akikutana na mume anatoka damu. Foleni ilikuwa ndefu. Balbu ya taa ya uchunguzi ilikuwa imeungua tangu wiki iliyotangulia. Nikamwandikia dawa za maambukizi juu ya meza, nikaita mwingine.

Alirudi baada ya miezi miwili. Nikamwandikia nyingine. Baadaye akaenda kwingine, wakampa zilezile. Mwaka na ushee ukapita. Siku aliyorudi kwangu aliletwa kwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili asianguke. Nilipoweka spekulamu sikuona ule mviringo kama ncha ya pua. Niliona uvimbe uliochanua kama koliflawa, na kabla sijaugusa damu ilitiririka hadi kwenye kiatu changu. Nilimfunika. Nikaanza kumweleza habari za hospitali kubwa. Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei: "Sista, zile dawa za kwanza, kwani mlikuwa mmeona nini?"

Sikuwa nimeona kitu. Sikuwa nimeangalia. Spekulamu ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu, na tochi ilikuwa kwenye simu yangu mfukoni. Alikufa kabla ya mvua ndefu zilizofuata, akaacha watoto wanne.

Kwa hiyo nawapa swali lake, liwe lenu. Ukimweleza mtu wa afya kwamba unatoka damu ya kuguswa, naye akakuandikia dawa bila kukulaza kitandani, muulize kwa adabu: umeona nini? Semeni nami. Umeona nini? Tena. Umeona nini? Akiwa muuguzi mwema hatakasirika. Ataamka atafute taa.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote katika Kenya. Kila mwaka wanawake zaidi ya 5,000 huambiwa wanayo, na zaidi ya 3,000 hufa. Gawanyeni kwa siku 365: ni wanawake 8 na zaidi kila siku. Nayo ni saratani yenye mwendo wa polepole. Huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo karibu kila mtu anayekutana kimwili huvipata wakati fulani, na wengi mwili huvifukuza wenyewe. Visipoondoka, huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Kinga ikiwa dhaifu, ni 5 hadi 10. Dada zangu mnaoishi na virusi vya ukimwi, hatari yenu ni mara 6 ya wengine, kwa hiyo mnaanza kupimwa mapema, tangu miaka 25, na mnarudi kila miaka 3 hadi 5. Wengine Shirika la Afya Duniani linasema waanze miaka 30. Lakini hayo ni ya mtu asiye na dalili. Mwenye damu ya kuguswa haangalii umri wala kalenda.

Fikirieni: miaka 15. Miaka 15 ya mlango kuwa wazi kwetu kuingia na kuuzima moto ungali cheche. Tunakosaje?

Mnaogopa kipimo, najua. Basi nikiseme chote. Unajifunga leso, unalala, unakunja magoti. Spekulamu inaingia, ni baridi, inabana, haikati. Kwa kipimo cha siki tunapaka siki nyepesi ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri dakika moja. Seli zilizoharibika hugeuka nyeupe. Unasikia kamwasho, basi. Kwa kipimo cha virusi tunapitisha brashi laini, na hicho unaweza hata kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia, hakuna anayekuona. Doa jeupe likipatikana na likifaa, tunaliunguza kwa kichwa cha chuma chenye joto, kwa muda mfupi, na unaenda nyumbani kwa miguu yako. Utatoka majimaji wiki kadhaa, na kwa mwezi mmoja hivi mzee atavumilia. Baba, mmenisikia? Mtavumilia.

Na mabinti? Oktoba 2019 Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi hivi. Nasikia maneno sokoni kwamba chanjo inafunga kizazi. Si kweli, na sisi watu wa Kisumu ndio tungekuwa wa mwisho kuliamini, maana wasichana wetu wenyewe walisaidia kuijaribu. Walikuwa 2,275, wa miaka 15 hadi 20, kutoka Nairobi, Thika na hapahapa Kisumu. Matokeo yalitoka mwaka 2022: dozi moja tu, baada ya miezi 18, ilizuia maambukizi yanayodumu ya virusi hivi vya aina ya 16 na ya 18 kwa asilimia 97.5. Hizo aina mbili ndizo zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hii. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana, isipokuwa walio na kinga dhaifu, ambao wanahitaji zaidi. Dunia inachanja watoto wake kwa ushahidi uliotoka kwenye mikono ya mabinti wa mji huu. Binti yako umemnyima kwa sababu ya uvumi?

Baba mmoja ameinua mkono. Anauliza, mke wake akitoka damu, yeye afanye nini. Asante, baba. Usimuulize alikuwa wapi. Muulize imeanza lini. Mpeleke, kaa kwenye benchi, na ukiambiwa uingie upimwe, ingia.

Nimemaliza. Nyuma ya ukumbi kuna chumba chenye pazia, vitanda viwili, na taa mbili nilizozijaribu mwenyewe asubuhi, zinawaka. Sista wawili wako huko na maji ya moto yapo. Njooni na leso zenu. Walio na damu ya kuguswa wapite mbele bila kujieleza kwa mtu, waseme tu "natangulia," na mwenye foleni ampishe.

Shosho mwenye kilemba cha kijani ameshasimama. Mpisheni apite.